Mshauri si Karani wa Alama

Msomaji, ukienda Mombasa ukasimama karibu na mlango wa Kilindini, utaona jambo linalonifaa kuanzia maneno yangu. Meli kubwa itokayo mbali haiingii bandarini kwa ujuzi wa nahodha wake peke yake. Husimama nje baharini mpaka chombo kidogo cha bandari kiifikie, akapanda juu yake mtu aitwaye rubani. Mtu huyu si mwenye meli, wala si mwenye shehena, wala hana amri ya kumwambia nahodha arudi alikotoka. Kazi yake ni kuujua mkondo: wapi kina kinatosha, wapi pana mwamba, saa gani maji hujaa na saa gani hupwa. Naye hupanda kabla ya meli kuingia mkondoni. Hapana bandari impelekayo rubani kwenye meli iliyokwisha kupanda mwamba ili akaieleze jinsi ilivyopotea. (Siku hizi mwanafunzi akisema ataka kuwa rubani, ana maana ya ndege. Haidhuru, hata huyo wa ndege hakabidhiwi usukani baada ya ndege kuanguka.)

Ninalotaka kushindania katika kurasa hizi ni kwamba shule zetu nyingi za sekondari hufanya jambo lile lile ambalo bandari haithubutu kulifanya. Zinaye mtu aitwaye mshauri wa masomo na kazi. Jina lake limeandikwa katika orodha ya vyeo ukutani. Lakini hupandishwa melini siku ambayo alama zimekwisha kutoka, milango imekwisha kufungwa, na lililobaki ni kumsomea kijana jedwali na kumwambia, "Kwa alama hizi, hapa waweza, hapa huwezi." Kazi hiyo yaweza kufanywa na karani yeyote ajuaye kusoma. Si ushauri.

Silisemi jambo hili kwa kuwalaumu wengine nikijiacha. Miaka kadhaa iliyopita, katika shule ambayo sitaitaja, nilikuwa mwalimu wa darasa la kidato cha pili, na pamoja na hayo nilikuwa mshauri wa kazi. Cheo hicho nilikipata asubuhi moja katika mkutano wa walimu, baina ya habari ya chaki na habari ya zamu ya mabweni, kwa sababu mwenzangu aliyekuwa nacho alihamishwa. Sikuulizwa kama nakiweza. Katika chuo cha ualimu nilifundishwa habari za ushauri kwa muhula mmoja. Nikafanya mtihani, nikafaulu, nikasahau.

Mwisho wa mwaka ulipofika, wanafunzi walipewa fomu za kuchagua masomo ya kuendelea nayo na masomo ya kuacha. Msichana mmoja alikuwa na alama ya C katika Fizikia. Mwalimu wa somo alikuwa amekwisha kuninong'oneza kwamba afadhali aliache, maana mtihani ukija atauvuta chini wastani wa somo na wa shule. Nilimwuliza msichana swali moja tu: Fizikia yampendeza? Akasema, "Yanipendeza, Mwalimu, lakini ni ngumu." Nikamwambia kwamba Historia itamwinua. Akaandika Historia. Nikatia sahihi yangu. Mambo yote hayo hayakuchukua dakika tatu, kwa kuwa nyuma yake walipanga foleni wengine hamsini na mmoja.

Miaka miwili baadaye msichana yule alipata B+. Shule ilifurahi; jina lake likaandikwa kwenye ubao wa langoni. Alipokuja kuchukua cheti, alinikuta barazani akaniambia kwamba alitaka kusomea uhandisi wa umeme katika chuo kikuu. Baba yake, kumbe, alikuwa fundi wa redio sokoni, naye tangu utoto alikuwa akimshikia koleo na kuyeyusha risasi ya kuunganishia nyaya. Alikuwa amefungua redio nyingi kuliko vitabu. Habari hiyo ilikuwa wazi kwa yeyote ambaye angemwuliza, "Baba yako hufanya kazi gani, nawe ukitoka shule hufanya nini?" Mimi sikumwuliza. Na anayetaka shahada ya uhandisi hapa kwetu yampasa awe na Hisabati, Fizikia na Kemia. Hilo halikuwa siri, nami ningelikumbuka kama ningefikiri kwa muda wa pumzi moja.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza kueleza. Kisha akaniuliza kwa upole sana, kama mtoto amwulizavyo mzee jambo la kawaida, "Sasa, Mwalimu, siku ile ulipotia sahihi, ulikuwa unajua?"

Nilimpa jibu refu. Sikumbuki hata neno moja la jibu lile, na nina hakika yeye pia halikumbuki.

Kwa hiyo msomaji usidhani kwamba nabishana na watu wa mbali. Nabishana na sahihi yangu mwenyewe. Tena nabishana na desturi iliyoniweka pale, kwa maana kosa langu lilikuwa la mtu mmoja, lakini desturi ni ya shule nyingi. Mwanafunzi huondolewa katika somo si kwa sababu halimfai, bali kwa sababu yeye hafai kwa hesabu ya shule. Shule ifanyayo hivyo yafanana na hospitali imkataayo mgonjwa mahututi ili idadi ya waliopona ipendeze macho. Wastani hupanda, wazazi husifu, mwalimu mkuu hupongezwa mkutanoni. Aliyelipa gharama ya sifa hizo ni mtoto wa miaka kumi na sita ambaye hakuambiwa kwamba alikuwa akilipa.

Kazi hii ya ushauri haikuzuliwa jana. Mwaka 1908, katika mji wa Boston, Marekani, bwana mmoja jina lake Frank Parsons alifungua ofisi ya kuwasaidia vijana kuchagua kazi. Yeye mwenyewe alikuwa amesomea uhandisi, kisha akafundisha shule, kisha akawa mwanasheria. Yaani kabla ya kuwaonyesha wengine njia alikuwa amekwisha kupita njia nyingi. Alikufa mwaka huo huo, na kitabu chake juu ya kuchagua kazi kilitoka mwaka 1909. Mafundisho yake yalikuwa mepesi kusema, mazito kutenda: kwanza kijana ajijue nafsi yake, tabia zake na uwezo wake; pili azijue kazi, masharti yake, faida zake na taabu zake; tatu afikiri kwa kweli juu ya uhusiano wa mambo hayo mawili. Angalia, msomaji, kwamba alama za mtihani hazikuwekwa mwanzo wala mwisho wa maneno hayo. Zimo ndani ya la kwanza kama chumvi ilivyo ndani ya mchuzi. Sisi twampakulia mtoto sahani ya chumvi tukamwambia ndiyo chakula.

Hata hapa Kenya hatuwezi kusema kwamba hatukuambiwa. Kamati ya serikali iliyoongozwa na Bwana Gachathi, ambayo ripoti yake ilitoka mwaka 1976, ilishauri kwamba mwongozo na ushauri uwe na mahali pake katika elimu. Mwaka 2001 viboko vilipopigwa marufuku shuleni, ushauri ulisifiwa tena, safari hii kama dawa ya utovu wa nidhamu. Sifa hiyo ilileta hasara ambayo wachache waliiona. Tangu hapo, mwanafunzi aitwaye na mshauri ni yule aliyetoroka, au aliyepigana, au aliyekamatwa na sigara. Mlango wa mshauri ukawa mlango wa wakosaji. Mtoto mtulivu, mwenye swali la kweli juu ya maisha yake, huogopa kuonekana akibisha hodi hapo, wasije wenziwe wakauliza amefanya nini.

Na sasa jambo limezidi uzito. Katika mpango wa zamani wa vidato, uchaguzi mkubwa ulikuja mwisho wa kidato cha pili. Katika mtaala wa umilisi umekuja mapema zaidi. Watoto wa kwanza wa mtaala huo, zaidi ya milioni moja, walifanya mtihani wa Gredi ya Tisa mwishoni mwa mwaka 2025, na Januari 2026 wa kwanza wao wakaingia shule za sekondari ya juu wakiwa wamechaguzwa moja katika njia tatu: njia ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; njia ya sayansi za jamii; na njia ya sanaa na michezo. Mtoto huyo ana miaka kumi na minne, labda kumi na mitano. Sauti yake bado haijatulia, na twamtaka atulize maisha yake. Mimi siupingi mtaala. Uchaguzi huo waweza kuwa mwema kwa mtoto apendaye kuchora au kukimbia, ambaye zamani alihesabiwa mjinga. Ninachopinga ni kumpa mtoto njia panda tatu bila ya mtu wa kumwambia kila moja yaishia wapi, na bila ya kumweleza ukweli wa shule aiendeayo. Maana aliyechagua sayansi katika shule isiyo na maabara amechagua jina tu.

Wako watakaosema kwamba wazee wetu hawakuwa na washauri, na walifanya kazi wakatulea. Maneno haya huyasikia sana, nayo husemwa na watu wazima kwa kujiamini. Lakini si kweli. Mtoto wa mvuvi alikwenda na baba yake pwani kabla hajajua kuhesabu. Alikuwa anajua harufu ya kazi, hatari yake, na njaa ya siku ambayo nyavu hurudi tupu. Mtoto wa mhunzi alivuta mvukuto. Mtoto wa mkunga alibeba maji ya moto. Walishauriwa kwa macho yao wenyewe kila siku ya utoto wao. Mtoto wa leo huzijua kazi kwa majina tu. Mwulize mwanafunzi atakaye kuwa mwanasheria kama amewahi kuketi mahakamani hata saa moja. Mwulize atakaye kuwa mhandisi mhandisi huamka saa ngapi, na mchana kutwa hushika nini. Atakutazama. Kazi kwake ni neno linaloambatana na gari.

Wazazi nao, niseme kwa heshima, hawatusaidii sana. Katika nyumba nyingi kazi za heshima hazizidi nne, na ya kwanza ni udaktari. Utabibu ni kazi njema mno, na nchi hii ina haja nao. Lakini mshauri wa kweli hana budi kuyasema yote. Mwaka 2024 madaktari wa hospitali za serikali waligoma tangu Machi hata Mei, na moja ya magomvi makubwa lilikuwa juu ya vijana waliomaliza masomo ya utabibu: kupelekwa kwao hospitalini kufanya mwaka wa mazoezi, na malipo yao wakiwa huko. Je, habari hiyo yatosha kumzuia mtoto asiwe daktari? Hata kidogo. Yatosha kumfanya aingie akiwa macho. Mtoto aingiaye akiwa macho huvumilia. Aliyesukumwa na shangazi na mjomba huvunjika mwaka wa tatu, akarudi nyumbani na sanduku lake na deni la mkopo wa serikali.

Na kuna neno moja la Kiswahili ambalo shule imelitendea ubaya. Neno hilo ni fundi. Katika lugha yetu fundi ni mwenye kujua. Twasema mtu ni fundi wa kusema, fundi wa mashairi, nasi tunamsifu. Lakini ingia darasani umwambie mwanafunzi kwamba ana mikono ya fundi. Wenziwe watacheka, naye atainamisha kichwa. Vyuo viwili vikubwa vya ufundi tulivyokuwa navyo, kimoja Nairobi na kimoja Mombasa, vilifanywa vyuo vikuu mwaka 2013. Sisemi lilikuwa kosa. Nasema kwamba mtoto aliyetazama alijifunza somo moja: kwamba hata chuo cha ufundi hakioni fahari mpaka kiitwe kwa jina lingine. Mshauri asiyeweza kulitaja neno fundi mbele ya mzazi bila ya kuona haya hafai kukaa katika kiti kile, hata kama ana vyeti vya kujaza ukuta.

Lakini nitakuwa mwongo nikisema kwamba hatari yote yatoka kwa wazazi. Yuko mshauri mbaya kuliko yule asiyefanya kazi, naye ni yule aifanyaye kwa kupiga ramli. Humtazama msichana akasema uuguzi; humtazama mtoto wa maskini akasema chuo kifupi; humsikia mtoto jina la ukoo akajua amweke wapi. Anaona anasaidia. Rubani huyu amekwisha kujifanya mwenye meli. Mshauri mwema huuliza zaidi kuliko anavyojibu, na swali moja lililokuja kwa wakati wake laweza kufanya kazi ambayo majibu mia hayawezi. Marehemu Wangari Maathai ameeleza katika kitabu cha maisha yake kwamba kaka yake ndiye aliyemwuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Mama akafikiri, msichana akapelekwa. Mwaka 1960 alikuwa njiani kwenda Marekani kusomea elimu ya viumbe, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Kaka yake hakuwa na cheo cha ushauri wala ofisi. Aliuliza tu, na aliuliza mapema.

Sasa ni nini tunachotaka? Tunataka mtu mmoja katika kila shule ambaye vipindi vyake vimepunguzwa kwa ajili ya kazi hii, maana huwezi kumpa mtu vipindi ishirini na zaidi kwa wiki, na zamu, na michezo, halafu umwambie azijue roho za watoto mia tano. Awe na chumba chenye mlango unaofungika. Awe na daftari, na katika daftari hilo kila mwanafunzi awe na ukurasa wake tangu mwaka wa kwanza: apenda nini, aogopa nini, nyumbani wafanya kazi gani, nani amlipia karo. Kila mwaka asome upya masharti ya vyuo, kwa kuwa hubadilika, na aliyoyajua mwaka juzi yaweza kumpoteza mtoto mwaka huu. Siku ya wazazi asikae nyuma akinywa chai, akae nao. Na awalete shuleni watu wa kazi mbalimbali wazungumze na wanafunzi, lakini asilete wenye tai tu. Alete mwenye kuchomelea vyuma, mpimaji wa ardhi, mwuguzi aliyetoka zamu ya usiku akiwa bado na usingizi machoni, na mkulima anayeweka hesabu. Amwombe kila mmoja aseme jambo analolichukia katika kazi yake. Hapo ndipo watoto hunyamaza wakasikiliza.

Tena kazi yake isikome siku ya mtihani. Wengi hawalioni jambo hili. Mwanafunzi wa kidato cha nne huomba nafasi ya chuo kwa idara ya KUCCPS baada ya matokeo kutoka, na wakati huo amekwisha kuondoka shuleni. Yuko nyumbani kijijini. Huenda kwenye duka la kompyuta, lile tuliitalo saiba, na mwenye duka, ambaye ana wateja wengine wanaongoja, humwuliza, "Nikuwekee nini?" Kijana husema hajui. Mwenye duka humwekea. Namjua mwalimu mmoja ambaye wiki ile huchukua kiti akaenda kukaa katika saiba ya sokoni tangu asubuhi hata jioni, bila ya malipo, akiwangoja wanafunzi wake waje. Wenzake humcheka. Mimi nilimcheka pia, zamani.

Wataniambia hakuna fedha. Nami nauliza: zile zinazotumiwa na mzazi kumsomesha kijana miaka miwili katika masomo asiyoyataka, kisha kuanza upya, si fedha? Ng'ombe aliyeuzwa kwa ajili ya hayo hakuwa ng'ombe? Gharama tunayo tayari. Hatujaiandika tu katika vitabu vya shule, kwa sababu hulipwa nyumbani kwa watu, kimya kimya.

Nawe msomaji uliye shuleni, usiningoje mimi wala serikali. Fomu yoyote ya kuchagua au kuacha somo ikiwekwa mbele yako, usiandike siku hiyo. Omba siku mbili. Uliza somo hilo likiondoka huondoka na kazi gani, na uandike majibu kwa mkono wako. Ukiambiwa hapana wakati, uliza kwa adabu ni nani mshauri wa kazi katika shule hii, na mlango wake u wapi. Ukionyeshwa kabati katika chumba cha walimu, sema ahsante, nenda darasani, na kesho yake urudi ukaulize tena.